Damu Iliyofunikwa kwa Udongo

Tangu nilipoanza kuwinda nguruwe mwitu kwa upinde, swali ninaloulizwa mara nyingi kanisani kwetu hapa Jacksonville si juu ya nguruwe, ni juu yangu mimi. Wazee wetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wakakaa kambini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Florida, huniuliza kwa upole: "Mwanangu, sisi wote tulikimbia silaha. Wewe umeishika ya nini tena?"

Sioni kwamba wamekosea kuuliza. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa tulipotoka Fizi usiku, na mpaka leo mlango ukibamizwa kwa nguvu moyo wangu hushtuka. Naandika haya kuwajibu kwa heshima, kwa sababu naamini swali lao ni la imani kabla ya kuwa la uwindaji.

Niwaeleze kwanza habari za wanyama wenyewe. Nguruwe hawa si wenyeji wa Marekani. Mhispania Hernando de Soto alipofika Florida mwaka 1539 alikuja na nguruwe wa kufugwa ili wawe chakula cha askari wake. Baadhi walitoroka. Walowezi waliofuata nao waliwaachia wao wajitafutie chakula porini, na baadaye nguruwe pori wa Ulaya waliletwa kwa ajili ya wawindaji, wakachanganyika nao. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka mmoja, naye huibeba siku 115 hivi. Leo wako katika majimbo zaidi ya 30, na Wizara ya Kilimo ya Marekani imekadiria kwamba hasara wanayoleta inazidi dola bilioni 1.5 kwa mwaka.

Hasara hiyo nimeiona. Shamba ninakowinda liko ukingoni mwa kinamasi, na mwenyewe, mzee ambaye ni shemasi katika kanisa la jirani, analima karanga na mahindi. Usiku mmoja kundi lilifuata mistari ya karanga zilizopandwa wiki ileile, likafukua mbegu moja baada ya nyingine kama vibarua waliotumwa kuvuna. Asubuhi mzee alisimama pembeni akiangalia, hakusema neno. Nilimkumbuka baba yangu, aliyekuwa akitoka na wanaume wa kijiji, mbwa na nyavu, kila nguruwe walipoingia katika mihogo. Mwandishi wa Zaburi ya 80, alipotaka kueleza jinsi taifa lake lilivyoharibiwa, alimtaja nguruwe wa msituni aliyeingia katika shamba la mizabibu. Mkulima wa Fizi au wa Florida anamwelewa bila kuhubiriwa.

Sheria ya Florida inaruhusu kuwawinda katika ardhi ya mtu binafsi mwaka mzima, mradi mwenye ardhi amekubali. Wala sidai kwamba upinde wangu ndio unaoliokoa shamba la mzee. Ana mitego ya uzio inayoweza kukamata kundi zima kwa usiku mmoja, na ana bunduki. Mimi nikipata nguruwe wanne kwa mwaka namshukuru Mungu. Basi kwa nini upinde?

Mzee ndiye aliyenifundisha kuuchonga. Mti wake ni wa manjano, mgumu, unaoitwa Osage, kwa jina la watu wa asili waliosifika kwa pinde zake. Wafaransa waliufahamu kama bois d'arc, yaani mti wa upinde, na sisi tuliosoma Kifaransa shuleni tunalielewa jina hilo mara moja. Unavumilia unyevu wa kinamasi kuliko miti mingi. Kazi ya kuuchonga ilituchukua majuma mengi. Unafuata mstari mmoja tu wa ukuaji wa mti kutoka ncha hadi ncha. Ukiukata mstari huo, upinde utavunjika siku moja mkononi mwako. Kisha unakwangua kidogo, unaukunja kidogo, unatazama kama mikono yake miwili inapinda sawasawa, unakwangua tena. Mzee hakuniruhusu kuharakisha. Alisema upinde unaharibika kwa mkwaruzo mmoja uliozidi, na mti uliokwisha kuondolewa haurudi.

Upinde wa namna hii hauna kioo cha kulengea wala magurudumu madogo kama pinde za kisasa. Una mti, uzi, mshale na jicho lako. Kuuvuta wangu ni kama kuinua kilo 22 kwa vidole vitatu, na siwezi kukaa nao umevutwa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo nina mpaka wangu, ambao ni hatua 20. Nguruwe akiwa hatua ya 21 nasubiri. Akiwa amenielekea uso kwa uso nasubiri pia, kwa maana dume mkubwa ana ngao ya ngozi nene na gegedu juu ya mabega, na mshale unaweza kukwama hapo, ukamwacha ateseke. Moyo na mapafu yake yako chini na mbele zaidi kuliko anavyodhani mtu asiyemjua. Lazima ageuke kidogo, aangalie mbali nami, na mguu wa mbele uwe umesogea.

Kufika hatua 20 karibu na nguruwe si jambo dogo. Macho yake ni dhaifu, lakini masikio ni mazuri na pua yake ni ya ajabu. Upepo ukigeuka mara moja, kazi ya saa tatu imekwisha. Naingia kabla ya mapambazuko, maji yakiwa magotini, katikati ya miti ya saipresi ambayo mizizi yake imechomoza juu ya maji kama magoti ya watu waliokaa. Kuna vichaka vya palmeto, ambavyo majani yake yanafanana na miyaa ya kwetu, na vinakwaruza kama msumeno. Kuna mbu, kuna mamba, kuna nyoka wa majini mwenye sumu ambaye akipanua kinywa ndani ni cheupe kama pamba. Natembea hatua moja, nasimama, nasikiliza. Asubuhi nyingi narudi sijavuta uzi hata mara moja. Katika asubuhi hizo nimeomba maombi marefu kuliko ninayoomba kitandani, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya ila kunyamaza mbele za Mungu na kungoja.

Sasa nije kwenye Neno. Baada ya gharika, katika Mwanzo sura ya 9, Mungu alimpa Nuhu na wanawe ruhusa ya kula wanyama. Lakini ruhusa hiyo haikuja peke yake. Papo hapo Mungu alizungumza juu ya damu, kwamba ndani yake mna uhai, na kwamba atadai hesabu ya uhai wa mwanadamu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 17 kuna agizo kwa mwindaji: akimpata mnyama au ndege wa kuliwa, aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo. Najua kwamba katika torati nguruwe alihesabiwa kuwa najisi, na sisi hatuko chini ya torati. Hata hivyo agizo lile limenishika. Mungu hakumwambia mwindaji asiue. Alimwambia ainame mahali pale alipoua, ashike udongo kwa mkono wake, na akiri kwamba uhai uliotoka hapo haukuwa wake. Huwezi kuifunika damu ambayo hukuikaribia.

Hilo nililielewa vizuri zaidi jioni moja ya mwezi wa Februari. Nilikuwa na kijana mmoja, jamaa wa mzee mwenye shamba. Jike mmoja mnene alitoka kwenye palmeto, akaja kufukua kando ya maji, hatua 14 kutoka mahali nilipopiga goti. Akageuka. Niliachia. Mshale ulimwingia nyuma ya bega, mahali palipotakiwa, naye akakimbia kuingia kinamasini. Tulisikia maji yakirushwa, kisha kimya.

Tulingoja nusu saa kama inavyopasa, ndipo tukafuata. Nguruwe ana mafuta mengi chini ya ngozi, na mara nyingi mafuta hayo hufunga jeraha, kwa hiyo damu huwa chache. Tuliona tone kwenye jani, tone jingine kwenye gamba la mti, halafu maji. Maji hayatunzi alama. Giza lilikuwa linaingia. Yule kijana aliangalia saa yake, akaniambia kwa nia njema kabisa, "Kaka, twende zetu. Ni nguruwe tu. Mamba watamla."

Maneno yale, ni nguruwe tu, yalinirudisha mbali. Usiku ule tulipotoka Fizi, baba yangu mdogo alipigwa risasi karibu na mto. Aliyefyatua alikuwa juu mlimani. Hakushuka kutazama alimpiga nani, kama ni mtu mzima au mtoto, kama amekufa au anaugulia. Sisi tulikuwa tunasukumwa na watu walio nyuma yetu, na haikuwezekana kurudi. Mpaka leo hatujui alizikwa wapi, au kama alizikwa. Silinganishi mtu na mnyama. Mwanzo 9 yenyewe inawatenganisha, kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini niliijua sauti ya maneno yale. Mtu huanza kusema "ni fulani tu" pale anapotaka kuondoka bila kutazama.

Nilimwambia kijana arudi kwenye gari kama amechoka. Hakurudi. Tuliwasha tochi, tukatembea kwa mizunguko, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, tukigusa maji kwa fimbo kwa ajili ya nyoka. Baada ya saa tatu tulimkuta. Alikuwa amekufa upesi sana, hayupo hata hatua 80 kutoka pale nilipompiga, ila alikuwa ameangukia chini ya kichaka kilichoinamia maji, upande mmoja tu ukionekana. Tulimvuta hadi nchi kavu. Kabla sijatoa kisu nilipiga magoti, nikashukuru, na tulipomaliza kumpasua nilichota udongo mweusi wa pale nikaifunika damu. Kijana hakuuliza kitu. Alichota na yeye.

Nyama ile ililisha familia sita za kanisa letu. Kwa wale watakaopata nyama kama hiyo niseme jambo la vitendo: nguruwe hawa wanaweza kubeba bruselosi, kwa hiyo vaa glavu unapomchuna, iweke nyama kwenye barafu mapema kwa sababu joto la huku halisubiri, na ipike mpaka ndani ifikie nyuzijoto 71. Na kwa wapendwa wetu wasiokula nguruwe kwa ajili ya dhamiri, Warumi 14 imetosha. Siku hiyo niliwapelekea samaki, tukala meza moja.

Basi wazee wangu, jibu langu ni hili. Silaha tuliyoikimbia ilikuwa silaha ya mtu aliyeweza kuua akiwa mbali na kuondoka bila kujua. Upinde umenifunga nisiwe mtu huyo. Unanilazimisha kukaribia mpaka nione pumzi ya kiumbe, kuacha kila ninapokuwa na shaka, na kumfuata niliyemjeruhi hadi mwisho hata kama ni usiku na maji ni baridi. Sisemi kila mtu ajifunze kuwinda. Nasema kwamba mimi, niliyekua nikiogopa mkono wa mwanadamu wenye silaha, Mungu amenifundisha kuuogopa mkono wangu mwenyewe kwa namna inayofaa.

Wengi wenu hamtashika upinde kamwe. Lakini karibu kila mmoja wetu ana simu mfukoni, na kwa simu hiyo tunaweza kujeruhi mtu aliye upande wa pili wa bahari. Tunajua sauti zinazotumwa kutoka huku kwenda Uvira na Fizi, watu waliokaa salama sebuleni wakiwachochea vijana wa kule wapigane, wakilitaja kabila la jirani kwa neno lile lile, "ni hao tu." Tunajua pia pesa huchangwa bila mchangaji kuuliza zinanunua nini. Sauti hiyo ni mshale ulioachiwa gizani, na aliyeutuma hatakwenda kutafuta ulikoangukia.

Nawasihi katika Bwana, kabla ya kubonyeza tuma, tujiulize kama tungeweza kusema neno hilo tukiwa hatua 20 kutoka kwa yule tunayemsema, tukiuona uso wake. Kama hatuwezi, tuache. Na kama tumekwisha kulituma na limemjeruhi mtu, tusiseme giza limeingia. Tumpigie, tumtafute, tuulize habari zake kwa jina lake. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia akiwa wa kwanza kuuliza ndugu yuko wapi. Atatuuliza na sisi.