Tembe, Kihenge na Mtoto wa Kemo

Mwanangu alipogundulika na saratani ya damu tukapelekwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mapema kabisa wodini niliambiwa kwamba dawa zinazoua saratani huua pia chembe nyeupe zinazomkinga mtoto. Kunyonyoka nywele na kutapika nilijiandaa navyo. Kuvu, jamii ya ukungu unaoota kwenye mtama uliolowa, sikuwa nimeiwaza.

Ilianzia kinywani. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu, mtoto akagoma uji, akagoma hata kumeza mate. Muuguzi akanieleza kuwa kuvu hiyo wengi wetu tunayo kinywani na tumboni. Kinga ikishuka, inapata nafasi. Mtoto akaandikiwa dawa, nami nikafundishwa kumsafisha kinywa kwa mswaki laini na kunawa mikono kila ninapomgusa.

Kisha homa. Kwa mtoto ambaye kinga yake imeshuka hivyo, nyuzi 38 ni dharura. Antibiotiki za mshipani huanza papo hapo, na homa ikipita siku nne bila kushuka, madaktari huanza kuisaka kuvu, hasa ya mapafuni. Ya mwanangu iligoma. Wakamwongezea amfoterisini, dawa kali inayotia baridi na kulazimu figo zipimwe mara kwa mara. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Namshukuru Mungu, homa ilishuka.

Wapo watoto wanaokingwa kwa dawa kabla kuvu haijawapata: wenye saratani ya damu ya mieloidi, na wanaopandikizwa uloto, tiba ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iliianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kinga yao hukaa chini sana kwa muda mrefu. Mwanangu ana aina nyingine, ya limfu, na si kila mtoto mwenye aina hiyo hupewa dawa hizo za kukinga. Na flukonazoli, dawa ya kuvu ya bei nafuu, haiigusi kuvu ya ukungu, ile ya kwenye vumbi inayoingia mapafuni. Kwa hiyo kazi ya kumkinga na vumbi ilibaki mikononi mwangu.

Vumbi la kwetu Ikungi nani asilijue! Tuliruhusiwa kurudi nyumbani kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine, mavuno yamepamba moto na upepo wetu ule hauna adabu. Mama mkwe anaishi kwenye tembe: paa ni udongo, unadondokea kitandani. Kuku wanalala ndani, kihenge kiko ukutani. Udongo mkavu, nafaka iliyovunda, samadi, humo ndimo mbegu za kuvu zinamokaa, zikipeperuka bila kuonekana. Lakini mjukuu atoke Dar es Salaam akalale kwingine? Kwetu hayo ni matusi.

Nilimwambia, "Mama, naomba alale kwetu kwenye bati mpaka damu yake ikae sawa. Uje wewe kwake." Akanyamaza. Baba mdogo ndiye aliyeniokoa. Alisema mbele ya ukoo kwamba ni agizo la daktari, na lawama ikahamia kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Baada ya hapo bibi alikuja mwenyewe, amenawa, amebadili kanga.

Alizeti tulipigia mbali, upande ambao upepo unakimbilia. Ndani tulipiga deki, ufagio mkavu ukapumzika. Majirani walisema namlea mtoto kama yai. Waache waseme.

Amemaliza dawa, yuko shuleni. Wewe mwenye mtoto kwenye matibabu, usisubiri kuulizwa: mwambie daktari unaishi nyumba ya namna gani, unafuga nini, nafaka unaiweka wapi. Daktari aliyekulia mjini huenda hajawahi kuingia kwenye tembe. Na homa ikigonga 38, usimpe Panadol ukangoja kuche. Chukua kadi yake, nenda hospitali usiku huo huo.