Mteremko wa Kwale na Pikipiki Iliyopiga Fataki



Msafiri atokaye Mji wa Kale wa Mombasa kwenda Kwale hukutana na bahari kwanza, kisha minazi, kisha mlima. Huvuka kwa feri hadi Likoni, hupita Ng'ombeni na Waa, na afikapo Kombani huiacha njia kuu iendayo Lunga Lunga akashika mkono wa kulia. Hapo barabara huanza kupanda. Joto la pwani hupungua kidogo kidogo, udongo hugeuka mwekundu, na upepo huja na harufu ya msitu wa Shimba. Huo ndio msitu ambamo palahala wanaishi, na hawapatikani mwituni mahali pengine popote katika Kenya yetu. Siku ya mbingu safi, ukisimama juu ukatazama nyuma, utaiona bahari imelala mbali kama kitambaa cha samawati kilichoanikwa.

Safari hiyo mimi huifanya kila Alhamisi, kwa kuwa Kwale anaishi shangazi yangu aliyenilea, na dawa zake hununuliwa Mombasa. Chombo changu ni pikipiki aliyoniachia marehemu baba, Honda CG125 ya zamani, yenye kabureta na breki za ngoma. Ni chombo kisicho na makuu. Lakini mwaka uliopita kilinifundisha adabu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Alhamisi moja nilipanda mlima bila tatizo lolote. Injini ilivuta kwa utulivu, nami nikamfikishia shangazi amana yake. Wakati wa kurudi, nilipofunga mafuta ili mteremko unishushe, ekzosi ikaanza kupiga: pa! papa! pa! Kuku walitawanyika, watoto wakacheka, na mzee mmoja aliyeketi kibarazani akajishika kifua. Nikifungua mafuta, kimya. Nikifunga, fataki. Hali ikawa hiyo hiyo hadi Kombani.

Hasira yangu ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Jumatatu ya wiki hiyo fundi mmoja wa Likoni, mzee aliyemhudumia baba miaka mingi, alikuwa ameisafisha kabureta. Nikajiambia kwamba bila shaka ameiharibu, au ametoa kifaa cha asili akatia cha bandia. Usiku ule, baada ya Isha, nikayasema hayo barazani mbele ya watu. Sikusema "nadhani", nilisema "amenifanyia". Majirani wawili waliokuwa wakimpelekea vyombo vyao wakaacha kwenda.

Wiki ya pili nilizidisha makosa. Kwa kuona haya kupita vijijini nikipiga fataki, nilitoa giya nikauacha mteremko unibebe. Kelele zikakoma kweli. Lakini injini isiposhikana na gurudumu haisaidii kuzuia mwendo, na mzigo wote huangukia breki. Breki za ngoma zikishika moto hulegea. Mbele yangu palikuwa na lori lililopunguza mwendo ghafla, nami nikabana breki nikaona hazitoshi. Niliponea kwa kuingia majanini kando ya barabara. Nilikaa pale nikitetemeka, mfuko mtupu wa dawa mkononi, nikifikiri nani angemwambia shangazi.

Kesho yake nilikwenda Likoni. Yule mzee alinipokea chini ya mwarobaini wake bila kinyongo usoni, ingawa maneno yangu yalikwisha kumfikia. Nilimwambia, "Ami, hii pikipiki inapiga." Hakuishika. Alianza kwa kuuliza.

"Inapiga ukiongeza mafuta au ukiyafunga?"

"Nikiyafunga, hasa kwenye mteremko."

"Tangu ulipotoka kwangu, kuna mtu mwingine aliyeigusa?"

Hapo ndipo ulimi ulinikauka. Jumatano, baada ya yeye kuisafisha kabureta, niliifungua ekzosi kwa mikono yangu mwenyewe nikaipeleka kuchomelewa palipotoboka, kisha nikairudisha na gasketi ile ile ya zamani iliyokwisha kubonyea. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa, au nafsi yangu ilitaka kulisahau.

Mzee akanieleza, nami nalieleza hapa kwa faida ya kila mwenye chombo cha namna hii. Ukifunga mafuta huku gurudumu bado linaizungusha injini, njia kubwa ya mafuta ndani ya kabureta haifanyi kazi. Inayobaki ni njia ndogo, ile inayoiwezesha injini kuunguruma pikipiki imesimama. Hewa na petroli inayoingia wakati huo ni haba, tena huchanganyika na moshi uliobaki ndani, kwa hiyo mara nyingine cheche ya plagi haiwezi kuiwasha. Petroli hiyo isiyoungua hutoka hadi kwenye ekzosi iliyo moto. Ikikuta hewa mpya humo, hulipuka. Na hewa hiyo hupitia wapi? Kila pigo la moshi likipita huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo hunyonya hewa ya nje kupitia kiungo kisichoziba. Wakati wa kupanda mlima moshi ni mwingi na petroli huungua mahali pake, kwa hiyo hakuna linalosikika.

"Basi sauti iko kwenye ekzosi," alisema, "lakini chanzo chaweza kuwa mahali pawili: hewa inaingia isipotakiwa, au petroli imepungua kwenye njia ndogo. Anza na lililo rahisi kupima. Usifungue kabureta kabla hujajua."

Aliiwasha injini ikiwa baridi bado, akapaka povu la sabuni pale ekzosi inapoungana na injini. Mapovu yakafura na kupasuka. Alipolifuta povu, nikaona masizi meusi yamezunguka kiungo. Alama ambayo ningeiona mwenyewe kama ningeinama. Hata hivyo hakuridhika na ushahidi mmoja. Aliupulizia maji kidogo kidogo mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa kuwa mpira wa zamani hupasuka ukaingiza hewa na kuipunguza nguvu petroli. Mngurumo haukubadilika, mpira ulikuwa mzima.

Akatia gasketi mpya ya shaba na kukaza nati mbili kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, ili kiungo kikae sawa. Tukaenda kuijaribu. Fataki zilikuwa zimetoweka, isipokuwa mlio mdogo wa mbali mara moja moja. Injini ilipokwisha kupata moto, akaigusa skrubu ndogo ya kabureta kwa robo ya mzunguko tu, akasikiliza, akarekebisha tena, mpaka mngurumo ukatulia. Alinionya kwamba skrubu hizo si za namna moja. Iliyo upande wa injini kwa kawaida hupima petroli, na kuifungua huongeza petroli. Iliyo upande wa chujio la hewa hupima hewa, na kuifungua huipunguza petroli nguvu. Asiyejua ipi ni ipi asiiguse. Tena, jeti ndogo ikiziba isafishwe kwa dawa na upepo. Waya wa chuma hupanua tundu lake, na ikishapanuka haina dawa. Na pikipiki nyingine zina valvu ya kupeleka hewa kwenye ekzosi kwa makusudi. Valvu hiyo ikiharibika huleta fataki hizi hizi.

Nilipomuuliza gharama, alitaja bei ya gasketi peke yake. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini maneno hayakusemwa hapa."

Nilielewa. Usiku ule baada ya Isha nilisimama barazani pale pale, mbele ya wale wale, nikasema kwamba fundi hakukosea, bali mwenye kosa ni mimi, na kwamba nilimsingizia. Ulikuwa mzito kuliko mlima wa Kwale, ule usemi. Suratul Hujurat inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, nami aya hiyo niliihifadhi utotoni. Kumbe kuihifadhi kifuani na kuitia kwenye mwenendo ni mambo mawili. Jirani mmoja amerudi kwa yule mzee. Wa pili bado hajarudi, na kila nimwonapo akipita na pikipiki yake najua deni langu halijakwisha.

Alhamisi iliyofuata nilishuka kutoka Kwale nikiwa nimeshika giya, injini ikinizuia taratibu kama mkono wa mzazi, bila mlio wowote ila upepo. Bahari ilikuwa inaonekana. Shangazi, nilipomsimulia yote, alinitazama sana, kisha akaniombea dua, akanifungia na maembe mawili: moja langu, na jingine la fundi.

Wabillahi tawfiq.