Nilipima ukungu, nikasema ni moshi

Wengi mmeniuliza ile habari ya droni ya kupima vumbi kule nyumbani Mata iliishia wapi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya kuiandika. Leo naitoa yote.

Kwa wasiopajua, Mata iko upande wa Taveta, si mbali na Ziwa Jipe. Milima ya Upare unaiona ng'ambo ya mpaka, na siku anga likitakata hata Kilimanjaro hujitokeza. Barabara kuu ya Voi hadi Taveta siku hizi ina lami, lakini njia zetu za ndani ni vumbi tupu. Mama yangu anakohoa miaka mingi, na siku zote amelilaumu tanuri la matofali la mzee mmoja jirani yetu. Mimi ni mtu wa kompyuta, si daktari. Nikasema, haya, tupime.

Kifaa nilichotumia ni SDS011, kinachotosha kwenye kiganja na chepesi kuliko simu. Ndicho walichokitumia wale raia wa Stuttgart, Ujerumani, walioanza mradi wa kupima hewa wenyewe mwaka 2015. Ndani mna feni ndogo inayovuta hewa, leza, na jicho la kupokea mwanga. Chembe ikipita mbele ya leza hutawanya mwanga, na kifaa hukisia kutokana na mwanga huo kuna uzito gani wa chembe katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kila sekunde kinakutumia baiti 10. Ya kwanza ni AA, ya mwisho ni AB. Chukua baiti ya nne, zidisha kwa 256, jumlisha ya tatu, gawanya kwa 10, umepata PM2.5. Programu yangu ya Python haikufika mistari hamsini.

PM2.5 ni chembe zisizozidi maikromita 2.5, yaani kama moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo ndizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kwamba wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Droni ilikuwa ya rafiki yangu wa Voi ambaye hupiga picha za mashamba na ana vibali. (Tafadhali usinunue tu ukarusha. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na sisi Mata tuna Tsavo Magharibi mlangoni.) Shida ya kwanza ilikuwa mapanga. Droni inasukuma hewa chini kwa nguvu, kwa hiyo kifaa ukikifunga tumboni, ukiwa karibu na ardhi kinapima vumbi ulilolitimua mwenyewe. Tuliwasha dawa ya mbu ya kuchoma chini ya mti tukatazama moshi wake unavyovutwa na kutupwa. Mwisho tukakipandisha kifaa juu ya kijiti kirefu katikati, mbali na mapanga. Kisha tukaisimamisha droni kando ya kifaa cha pili kilichofungwa kwenye nguzo, na nambari zikakaribiana. Nilifurahi kama mtoto.

Tukaruka asubuhi tatu, saa kumi na mbili na nusu, wakati tanuri linafuka. Chini tulipata 70 hivi. Mita 60 juu, karibu 180! Maelezo nilikuwa nayo tayari: usiku ardhi hupoa, hewa baridi hukaa chini, ya joto hukaa juu yake kama kifuniko, na moshi ukipanda unagonga kifuniko hicho na kutanda. Ni jambo la kweli kabisa, liko vitabuni. Nikachora grafu yenye rangi nyekundu, chifu akaniruhusu kuionyesha barazani. Watu walipiga makofi. Ikakubaliwa mzee asimamishe kazi mpaka tanuri lihamishwe. Yeye alisimama, akasema ana watoto wawili sekondari, akakaa. Mama alinishika mkono njiani tukirudi.

Wiki iliyofuata nikarusha tena, nipate grafu ya "baada". Tanuri lilikuwa limezimwa siku nne, majivu baridi. Chini 65. Juu 170.

Nilidhani programu ina hitilafu. Nikaipitia mstari kwa mstari, haikuwa na kosa. Ndipo rafiki yangu alipoyafuta mapanga kwa kitambaa na kitambaa kikalowa. Asubuhi zote nne kulikuwa na ukungu, mnene zaidi kule juu, na mimi niliuona kwa macho yangu! Nikafungua karatasi ya maelezo ya kifaa, ile ambayo nilikuwa nimesoma ukurasa wa baiti tu. Unyevu wa hewa wa juu kabisa wa kufanyia kazi: asilimia 70. Leza haijui tone la maji na chembe ya masizi. Tena hata masizi yenyewe hunyonya unyevu yakavimba, yakaonekana makubwa kuliko yalivyo. Mashine za gharama za vituo rasmi huikausha hewa kwanza kwa kuipasha moto. Changu hakina kitu kama hicho.

Sikulala vizuri. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwa sababu hakuna mtu Mata ambaye angenigundua, na pengine mama angekohoa kidogo zaidi tanuri likirudi. Sijui. Grafu yangu haisemi lolote kuhusu hilo, si upande huu wala ule.

Nilikwenda kwa chifu Jumatatu, kisha kwa mzee. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza habari ya matone. Alinisikiliza akichambua maharagwe. Akauliza, "Kwa hiyo mashine haikuona moshi wangu?" Nikamwambia haikuuona wala haikukosa kuuona. Akaniambia, "Kijana wangu, moshi upo. Mimi mwenyewe naukohoa. Lakini ungeniuliza kwanza."

Mama hakuongea nami siku mbili.

Sasa nimeunganisha kihisi cha unyevu, na programu inatupa kila kipimo kinachozidi asilimia 70. Tutaruka saa tisa alasiri, jua kali, upande upepo unakotoka na upande unakoelekea, tanuri likiwaka na likiwa limezimwa. Mzee ataliwasha Jumamosi ijayo. Ameomba kifaa cha pili kifungwe mlangoni kwake, na mama ameomba cha tatu kiwekwe jikoni, juu ya mafiga.