Barua kutoka Chicago: Paluku Si Jina la Ukoo

Wandugu wa Butembo na Beni,

Huku Marekani mgeni huulizwa na karatasi kabla ya kuulizwa na mtu: wewe ni wa watu gani? Serikali imegawa wakazi kwa visanduku, na kimojawapo ni cha wenye asili ya Kihispania. Mfilipino hawekwi humo. Anawekwa upande wa Asia, pamoja na Mchina na Mhindi, ingawa Hispania ilivitawala visiwa vyake miaka 333, tangu 1565 hadi 1898. Wafilipino wenyewe hawakubaliani kuhusu jambo hilo: wapo wanaosema kisanduku kimewasahau, na wapo wanaosema kimewaokoa. Ubishi wao unatuhusu sisi Wanande wa mashariki ya Kongo kuliko tunavyodhani, kwa sababu sisi tumekwisha kuwekwa kisanduku bila kubishana. Shuleni, hospitalini na kwenye ofisi za kupokea wakimbizi, mtu aliyetoka Butembo anaandikwa Mswahili, na yamekwisha. Hata Kinshasa walitupatia jina hilo zamani. Ninaloshika katika barua hii ni kwamba sisi ni watu wa Kiswahili, tena kwa haki kamili, lakini si Waswahili; na tofauti ya maneno hayo mawili inagusa maisha ya watu.

Tuanze na Wafilipino, maana hoja yao imeiva. Anayesema kwamba wao ni Wahispania kwa utamaduni haji mikono mitupu. Jina la nchi yao limetoka kwa Mfalme Felipe wa Pili. Visiwa viliongozwa kupitia Mexico hadi 1821, na kwa miaka 250 merikebu za Manila zilivuka bahari kwenda Acapulco na kurudi, zikibeba hariri, fedha na mapadre. Wengi wao ni Wakatoliki. Msemaji wa Kitagalogi akikusalimu anasema "kumusta", salamu ya Kihispania iliyoota mizizi Asia. Meza kwake ni "mesa", viatu ni "sapatos", dirisha ni "bintana". Lakini lugha yenyewe haikushika. Hata enzi za ukoloni waliokimudu Kihispania walikuwa tabaka dogo la wenye shule. Mwandishi wao José Rizal alichapisha riwaya yake Noli Me Tángere mwaka 1887 kwa Kihispania, na wengi wa watu aliowatetea humo hawakuweza kuisoma. Marekani ikaja na Kiingereza madarasani, na Katiba ya 1987 ikakiacha Kihispania kuwa lugha ya hiari. Kwa hiyo Mfilipino ana dini, majina na maneno tele ya Kihispania, ila lugha hana. Sisi ni kinyume chake. Lugha tunayo, dini na majina ya Waswahili hatuna.

Kwenye majina nitakaa kidogo, maana hapo ndipo jambo linapoonekana wazi. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania, Narciso Clavería, aliagiza familia za Kifilipino zichukue majina ya ukoo kutoka kwenye orodha iliyochapwa kwa mpangilio wa alfabeti, ili hesabu ya watu na kodi isimpotee karani. Orodha iligawanywa kurasa kwa kurasa, mji huu kurasa hizi, mji ule zile, na mpaka leo katika mji wa Oas, mkoani Albay, majina mengi ya ukoo yanaanza kwa herufi R. Sasa tazama nyumba ya Mnande. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Nzanzu, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika. Wakizaliwa wa jinsia moja mfululizo kisha akaja wa jinsia nyingine, anaitwa Muhindo au Kahindo, na kila anayesikia anajua kwamba uzazi umegeuka. Jina halikuambii ukoo wa mtu; linakuambia alikaa wapi kwenye foleni ya tumbo la mama yake. Ndiyo maana karatasi ya huku inagombana nasi. Inadai jina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja wanasimama mbele ya karani wakiwa Kambale, Kasereka, Kakule na Masika. Karani anaona familia nne. Mfilipino anayeitwa Reyes, mwana wa Reyes, anapita bila swali, kwa sababu kazi ya kumlinganisha na karatasi ilifanywa na Clavería. Kwetu ukoloni ulileta majina ya ubatizo, Mobutu akayapiga marufuku mwaka 1972, baadaye yakarudi, na muda wote huo Paluku alibaki Paluku. Askofu wetu wa Butembo-Beni ni Melchisédech Sikuli Paluku: jina la Biblia mbele, jina la nyumbani nyuma. Ungekuwa Mombasa au Lamu, ungekuta akina Athumani na Mwanaisha, majina yaliyofika pamoja na Uislamu na kukaa karne nyingi hadi yakawa ya pwani. Kwetu hayakufika hivyo.

Na Kiswahili chenyewe kilifikaje? Kilipanda kutoka pwani na misafara ya Waungwana, watu wa mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, waliojenga Kasongo na kufanya Nyangwe kuwa soko lao. Wafuasi wao wa Manyema waliingia msitu wa Ituri na bonde la Semuliki wakitafuta pembe na watumwa. Hao ndio waliotuachia jina la Kingwana kwa Kiswahili chetu. Lakini nguvu yao ilivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894, na baada ya hapo Kiswahili kilienezwa kwetu na watu wa aina nyingine kabisa: karani wa Mbelgiji, mwenye duka, mwalimu wa shule ya misheni, katekista. Mapadre Waasumpsionisti waliofika mwaka 1929 walikuta lugha inayosafiri na wakaitumia, huku Kinande kikishika nafasi yake kanisani na vijijini. Kwa hiyo Kiswahili kilitufikia kikiwa kimeachana na msikiti, na mji wa mawe, na jahazi. Ni kama kupokea sufuria nzuri kutoka kwa jirani: umepikia chakula chako ndani yake, nacho kimebaki chakula chako.

Anayetaka ushahidi zaidi avuke mpaka wa Kasindi kuingia Uganda. Mpaka uliokubaliwa na wakoloni mwaka 1910 uliwakata watu wa Ruwenzori vipande viwili, Wanande huku na Wakonzo kule Kasese. Kwa miaka zaidi ya 100 upande mmoja umesoma kwa Kifaransa na kuuza kwa Kiswahili, upande wa pili umesoma kwa Kiingereza, na Kiswahili kwao kimebaki lugha ya mpakani na ya askari. Kama Kiswahili kingekuwa ndicho kilichotufinyanga, leo tungekuwa watu wawili. Lakini Kambale wetu kwao ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Paluku ni Baluku. Ufalme wa Rwenzururu ulipotambuliwa rasmi na serikali ya Uganda mwaka 2009, furaha ilisikika pande zote mbili za mlima. Na msiba ukitokea, anayetoka Butembo kwenda kulia Kasese hahitaji mkalimani.

Najua watu wa pwani wana jibu, tena lina uzito. Wao husema kwamba Mswahili hajawahi kuwa kabila la damu. Miji ya pwani ilipokea watu wa bara, wa Hadhramaut, wa Komoro, na baada ya vizazi viwili au vitatu wote wakawa Waswahili. Basi kwa nini Mnande mwenye Kiswahili abaki nje ya mlango? Nakubali kwamba mlango ulikuwa wazi. Lakini mlango ni wa nyumba. Aliyeingia aliingia katika mtaa, katika dini, katika namna ya kuoa na kuzika, na lugha ilimfuata humo. Sisi tuliipokea lugha barabarani, sokoni, darasani, tukarudi nayo kwetu. Tukijiita Waswahili, tunajipa urithi wa watu ambao hatukulala kwao, na wao tunawapunguzia maana ya jina walilolibeba kwa taabu.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, nalo linatoka kwenu. Butembo bado unasikia Kinande toka soko hadi kanisa, lakini Beni? Huko Mnande anaishi na Mmbuba, Mpere, Mtalinga na Mmbuti, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa mjini Beni anaota kwa Kiswahili. Kinande cha nyanya yake anakisikia tu, hawezi kukijibu. Huyo naye nimwambie si Mswahili? Wafilipino wana mji unaofanana na huo. Zamboanga, kusini, watu wanazungumza Chavacano, lugha iliyozaliwa na Kihispania, na mtu wa Zamboanga ana haki ya kutoa jibu tofauti na la mtu wa Manila. Nami nakubali kwamba Beni ina haki hiyo. Lakini angalieni ni Kiswahili gani anachoota mtoto huyo. Anasema "batu biko banakuya", si "watu wanakuja". Amekilea mwenyewe, na mwalimu wa Zanzibar angekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kiswahili hicho ni cha Beni.

Wengine watasema huu ni wakati mbaya wa kutenganisha majina. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Beni inazika watu wake tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014. Si bora tuwe kitu kimoja chini ya Kiswahili? Kiu ya umoja naielewa, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuliliana. Ila umoja uliojengwa juu ya kudhani umekwisha kutuumiza. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati watu 3,470 walipougua na 2,287 wakafa, ujumbe mwingi ulifika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu, kwa imani kwamba mashariki yote ni Waswahili. Shirika la Translators without Borders lilipowauliza wananchi, walitaka maelezo kwa Kiswahili chao na kwa Kinande. Mama aliyezeeka shambani Lubero hakuwahi kukihitaji Kiswahili, lakini akifika huku Marekani anapigiwa simu ya mkalimani wa Dar es Salaam. Anaitikia "ndiyo" kwa heshima, na daktari anaandika kwamba ameelewa.

Kwa hiyo aliye njiani kuja huku, akiulizwa lugha ya mkalimani, ataje mbili: Kinande kwa mama, Kiswahili cha Kongo kwa mtoto. Na kwenye mstari wa jina la ukoo, wazazi wachague jina moja la nyumba nzima kabla ya kuondoka kambini, waliandike kwa watoto wote, ili Kambale na Masika wasitenganishwe na karani. Majina ya kuzaliwa yatangulie palepale.

Nanyi wa Beni, niandikieni jambo moja. Katika nyumba ambayo baba ni Mmbuba na mama ni Mnande, na lugha ya mezani ni Kiswahili, watoto wanaitwaje siku hizi? Wavulana bado wanahesabiwa Paluku, Kambale, Kasereka?