Ng'ombe wa Oeschinensee si pambo la picha

Kutoka kijiji cha Kandersteg, jimbo la Bern nchini Uswisi, kibanda kinachoning'inia kwenye waya huwapandisha wageni mlimani kwa dakika chache. Kutoka hapo familia hutembea kwa miguu, kama nusu saa hivi, hadi ziwa Oeschinensee lililoko mita 1,578 juu ya usawa wa bahari.

Maji yake ya rangi ya samawati hutoka kwenye barafu ya milima ya Blüemlisalp. Kandokando kuna majani mabichi, na wakati wa kiangazi ng'ombe wenye kengele shingoni hulisha humo. Tangu 2007 eneo hilo ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kwa mgeni, mahali hapo ni bustani. Kwa mfugaji, ni kazini. Theluji ikishayeyuka, wafugaji wa Alps hupandisha mifugo milimani ili majani ya bondeni yakatwe na kukaushwa kwa ajili ya majira ya baridi. Huko juu hukamua maziwa na kutengeneza jibini, kisha hushuka baridi inapokaribia.

Mzazi aliyekulia Monduli au Kajiado hahitaji kuambiwa kwamba ng'ombe aliyezaa hataki mgeni karibu na ndama wake. Mtoto wa mjini, anayemjua ng'ombe kupitia katuni, hajui hilo. Hata watu wazima husahau. Mwaka 2014, katika malisho ya Pinnistal nchini Austria, mtalii kutoka Ujerumani aliyekuwa na mbwa aliuawa na ng'ombe wenye ndama. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 lawama ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya mfugaji na marehemu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kutoa simu upige picha, mweleze mtoto mambo machache. Ndama haguswi, hata akija mwenyewe. Ng'ombe wakiwa njiani, zungukeni mbali, bila kupiga kelele wala kukimbia. Ng'ombe akiinamisha kichwa na kukukazia macho, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Kama mna mbwa, afungwe kamba. Lakini wakimshambulia, mwachie. Hasira yao iko kwake, naye ana mbio kuliko wewe.

Ziwa nalo lina hatari zake. Maji baridi humfanya mtu avute pumzi ghafla bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji, huvuta maji. Mtoto asiruke ndani. Aingie taratibu, na mzazi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Jua pia lisidharauliwe kwa sababu ya upepo wa baridi. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi. Kofia na mafuta ya kuzuia jua ni vya lazima.

Malisho hayo huwa na mageti. Geti mlilolikuta limefungwa, lifungeni mkishapita. Kazi hiyo mpe mtoto, na umwambie sababu: ng'ombe mmoja akitoroka, kuna mtu atakayehangaika mlimani usiku akimtafuta.