Kuvua kwa Kijiko, Tangu Kalemie Hata Mpala

Ninyi mliozaliwa kando ya Tanganyika mtacheka kumwona mwalimu wa shule akiwaletea habari za kuvua samaki. Kweli, wavuvi wa ziwa letu hawahitaji mafundisho yangu, wala siwaandikii wao. Nawaandikia wale wanaofanya kazi ofisini, dukani au shuleni, ambao siku ya mapumziko hushika ufito na mshipi, wakashuka pwani pamoja na watoto wao ili kupumzisha moyo. Watu wa namna hiyo si haba siku hizi, nami ni mmoja wao. Na jambo lililotupata huko Mpala wakati wa likizo ya Pasaka, mimi na mwanangu wa miaka 11, sikuweza kulifungia moyoni.

Lakini kabla ya kufika Mpala, tuanze Kalemie. Ziwa hili lenye urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina cha meta 1 470 mahali penye kilindi kikubwa kabisa, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga, unaotoka papo hapo Kalemie ukaenda kujiunga na Lualaba. Maji yanapoukaribia mlango huo huanza kutembea, na samaki wadogo huchukuliwa nayo. Basi panapopita wadogo, wakubwa huvizia. Hapo ndipo hupatikana kibebe, samaki mwenye meno marefu yanayoonekana hata akifumba kinywa. Anayetaka kumvua asifunge ndoana kwenye kamba ya nailoni moja kwa moja, maana itakatwa kama uzi wa nguo. Sisi huchukua waya wa breki ya baiskeli, tukaufumua, tukatumia nyuzi zake mbili au tatu, urefu wa shubiri moja, kati ya kamba na ndoana. Tena asisimame majini, hata maji yawe haba namna gani, kwa sababu viboko na mamba hawana likizo. Katika miaka iliyofuata 2020 ziwa lilipanda likaingia hata nyumbani mwa watu, Kalemie na Uvira pia, na mahali pengi tulipozoea kusimama pakafunikwa. Kila mmoja hana budi kujifunza upya pwani yake.

Sasa niseme juu ya chambo, kwa kuwa ndipo penye utamu wa kazi hii. Mvuvi wa kujifurahisha hapendi kutumia funza wala nyama. Apenda kumdanganya samaki kwa kitu kisicholiwa. Kitu hicho twakiita kijiko, na jina hilo limekipata kwa haki: kile cha kwanza nilichokuwa nacho kilikuwa kijiko cha chai, kilichokatwa mkono, kikatobolewa matundu mawili, moja la kamba na moja la ndoana. Ukikivuta majini huyumba huku na huku, na kila kikigeuka hutoa mng'ao kama ubavu wa ndagala. Hiyo ndiyo siri yote. Samaki wakubwa wa Tanganyika wamelelewa kwa ndagala, naye ndagala ni mdogo, aghalabu hapiti sentimita 10. Kwa hiyo nawaona wakipoteza fedha bure wale wanaonunua samaki wa mti mwenye rangi saba na urefu wa kiganja na nusu. Rangi ya fedha, urefu wa kidole, na mwendo usio sawasawa, mara upesi, mara polepole, vyatosha. Siku ya mawingu kijiko cha shaba nyekundu chapendwa zaidi. Sijui kueleza sababu, lakini nimeyaona hayo mara nyingi.

Wavuvi wenyewe wana hila nyingine, nayo si ya gharama. Hufunga ndoana nyingi katika mshipi mmoja, kila ndoana na unyoya mweupe wa kuku, wakaushusha kilindini na kuupandisha kwa mkono, juu, chini, juu, chini. Kwa njia hiyo hupata mikebuka, yule samaki mwembamba mwenye kuwinda ndagala katikati ya ziwa. Nilijaribu asubuhi moja. Wao walijaza kikapu, mimi nikapata watatu na maumivu ya bega.

Tuliondoka Kalemie alfajiri katika mtumbwi mkubwa wenye mota, uliojaa magunia, mabati na kina mama watokao sokoni. Kuelekea kusini milima huja ikasimama karibu na maji, na pwani inakuwa ya mawe. Mwanangu alikaa mbele siku nzima akichungulia chini. Maji ya Tanganyika, mbali na vinywa vya mito, ni maangavu ajabu: mahali penye kina cha watu watatu au wanne waweza kuhesabu mawe. Jioni tukafika Mpala. Wanaosoma historia wanapajua: ndipo Mbelgiji Émile Storms alipojenga boma lake mwaka 1883, na mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadri Weupe. Mimi, nakiri, nilikwenda kwa ajili ya mto Lufuko, unaoingia ziwani mahali hapo.

Kinywa cha mto ni darasa zuri kwa mvuvi mgeni. Baada ya mvua maji ya mto hutoka mekundu, na kati yake na maji ya ziwa hukaa mstari, kana kwamba mtu ameuchora kwa chaki. Usitupe kijiko katika maji mekundu, wala usikitupe mbali katika maji meupe. Kitupe ng'ambo ya mstari, ukivute kivuke. Jioni ile ile ya kwanza tulipata sangala mmoja wa kiasi, naye mwanangu hakulala vizuri kwa furaha.

Kesho yake mzee mmoja wa hapo, mvuvi tangu ujana wake, akakubali kutupeleka kwa mtumbwi wake mpaka kwenye rasi ndogo ya mawe upande wa kusini. Kulikuwa shwari. Chini yetu tuliona mchanga kati ya mawe makubwa, na juu ya mchanga huo samaki wawili wakubwa, rangi ya manjano yenye mistari, wakizunguka mahali pamoja. Nikawatambua mara moja: kuhe. Huyu ni wa jamaa moja na tilapia, lakini katika jamaa hiyo yote hakuna wengi duniani wanaofikia ukubwa wake. Huweza kupata urefu wa sentimita 80. Ni mwindaji hodari, nyama yake nyeupe na tamu, na akinasa kwenye kamba nyembamba hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Moyo ukanidunda. Kivuli cha mtumbwi kiliwapitia, wala hawakukimbia. Ilinipasa kuuliza kwa nini. Sikuuliza. Nikamwambia mwanangu: «Tupa pale, kati yao.»

Akatupa. Kijiko hakikufika hata chini. Yule mkubwa aliruka juu yake kwa ghadhabu, ufito ukapindika, mtoto akapiga kelele, nami nikamshika kiunoni asije akaanguka majini. Walishindana muda mrefu. Alipotolewa nilimpima kwa fimbo yangu yenye alama: sentimita 62. Mtoto alikuwa akitetemeka, akicheka na kulia pamoja.

Mzee hakucheka. Alikuwa ameinama akitazama majini.

«Mwalimu,» akasema, «huyu hakuwa na njaa. Tazama chini.»

Nikatazama. Pale mchangani palikuwa na kitu kama moshi mwembamba, kikisogea. Walikuwa vifaranga vya kuhe, mamia na mamia, kila kimoja si kikubwa kuliko kucha. Yule wa pili, mama yao, alikuwa akizunguka peke yake. Samaki wadogo wa mawe, ambao kabla hawakuonekana kabisa, sasa walikuwa wakitoka mianyani kutoka pande zote. Akiwafukuza huku, wengine wakaingia kule, wakala. Akirudi kule, wakaingia huku. Nasema niliyoyaona: kabla jua halijasogea, moshi ule ulikuwa umepungua nusu.

«Baba, tumrudishe,» mwanangu akaniambia. Lakini ndoana zilikuwa zimeingia katika mashavu, damu ilitoka nyingi, na samaki alikuwa amekwisha kulegea. Hatukuwa na la kurudisha.

Jioni mke wa mzee alimpasua, akatuita tuone. Tumbo lilikuwa tupu, limenywea kama mfuko usio na kitu. «Tangu siku nyingi huyu hakula,» akasema mama huyo, akaendelea na kazi yake.

Niliporudi nyumbani nilitafuta yale waliyoandika wachunguzi wa samaki, nikakuta mzee hakukosea neno. Kuhe mume na mke hulinda pamoja mayai yao, yanayoweza kufika hata 10 000, na kisha watoto, kwa majuma mengi. Na katika muda huo hawali, au hula kidogo sana. Tena wachunguzi wengi wanasadiki kwamba kuhe huzaa mara moja tu maishani mwake, kisha nguvu zake zimekwisha. Basi kijiko chetu hakikumdanganya mlafi, kama tunavyojisifia. Kilimjia kama mwizi mlangoni, naye akatoka kukilinda kizazi chake cha pekee.

Jambo hili si la Tanganyika pekee. Samaki wa Marekani aitwaye bass, ambaye ndiye hasa kipenzi cha wavuvi wa kujifurahisha, na ambaye tangu mwaka 1929 aliletwa hata katika ziwa Naivasha kule Kenya kwa ajili ya mchezo huo, hutunzwa utotoni na baba peke yake. Baba huyo hukamata kila kipitacho juu ya kiota, kwa hiyo huvuliwa kwa wepesi sana. Wachunguzi wa Marekani na Kanada wameona kwamba akiondolewa hata kwa dakika chache, kisha akarudishwa mzima, mara nyingi hukuta mayai yamekwisha kuvamiwa. Kwa hiyo wale wanaosema, «Mimi humrudisha samaki majini, sina hatia,» wafikiri tena.

Nilipomweleza mzee majuto yangu kwa maneno marefu kupita kiasi, alinikata. «Wewe umetoa mmoja, mwalimu, na sisi tumemla. Nenda ukaangalie pwani wakati nyavu za kukokota zinapovutwa, na wengine hushona vyandarua vya mbu pamoja. Wanaleta vifaranga kwa ndoo.» Ni kweli, nami nimeviona vifaranga hivyo vimeanikwa mchangani, vimechanganyika na ndagala, hata jina la kila kimoja halijulikani tena. Mwaka 2024 jirani zetu wa Tanzania walifunga uvuvi katika upande wao wa ziwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi. Lakini mtu mwenye watoto sita na wavu mmoja, ukimwambia aache miezi mitatu, atakuuliza watakula nini. Na swali lake lina haki. Sisi wa ufito na kijiko hatuna swali hilo. Tunao mshahara, hata ukichelewa. Twaenda kwa furaha tu, na kwa sababu hiyo sioni udhuru wetu.

Basi kwa ninyi mnaokwenda na watoto, haya niliyofundishwa na mzee siku zilizobaki. Ukiona kuhe wawili wakikaa mahali pamoja juu ya mchanga, wala hawaogopi kivuli, kunja kamba, piga kasia. Usingoje kuona vifaranga, maana mayai hayaonekani kutoka juu. Kuhe anayestahili kuvuliwa ni yule apitaye upesi, mara nyingi pamoja na wenzake, akifukuza ndagala. Mahali mawe yanapoanguka ghafula kuelekea kilindini, shusha kijiko kizito pembeni ya mawe, ukipandishe kwa vituo: hapo hukaa sangala mkubwa. Usijisumbue kushusha kamba ndefu kupita kiasi, kwani chini ya meta 200 hivi maji ya ziwa hili hayana hewa ya kumtosha samaki. Na katika kijiko weka ndoana moja badala ya tatu, ukiupondaponda mwiba wake kwa koleo. Utapoteza samaki kadhaa, lakini yule usiyemtaka ataondoka bila kuchanika.

Wakati wa kusi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo huanza mapema na mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea; toka alfajiri, na saa tatu uwe umekwisha kurudi pwani. Mimi huvaa jaketi la kuelea na kumvika mtoto lake, ijapokuwa wazee hunicheka.

Siku ya mwisho tulipita tena karibu na ile rasi. Mwanangu aliomba tusimame. Mama kuhe alikuwa pale bado, na chini yake moshi kidogo sana, kama wa sigara. Mzee aliushika mtumbwi kwa kasia usisogee, tukakaa kitambo tukitazama. Kisha mtoto akatwaa kijiko chetu, akaomba koleo, na njiani kote kurudi Mpala akakaa akipondaponda miiba ya ndoana, mmoja baada ya mwingine.