Siku mbili ambazo mwalimu hakuzidai

GOMA – Mwishoni mwa mwaka 2024, wanafunzi watano wa uandishi wa habari walipewa TP ya kundi: picha kumi na mbili juu ya maji, kila moja na maelezo yake, katika wiki tatu. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni, kisha akasema kazi itakayoletwa kesho yake haitapokelewa.

Hapa Goma, maji si jambo la kutafuta mbali. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, bomba hazifiki kila kartie, na Ziwa Kivu liko chini pale. Alfajiri watu wanashuka Kituku na bidoni za njano, na chukudu zinapandisha maji kwenda kartie za juu. Wavulana wawili wa kundi walisema siku nne zinatosha. Msichana aliyechaguliwa kuwa shefu wa kundi hakukubali. Alifungua kaye, akaanza kuhesabu siku kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Siku ya kutoa kazi. Siku moja kabla yake, kuchapisha picha, maana umeme unaweza kukatika stidio. Siku mbili za kuandika maelezo. Siku mbili za kuchagua picha, wote wakiwa pamoja, kwa sababu kompyuta ilikuwa moja. Siku sita za kupiga picha, asubuhi mapema tu, kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza nzima aliiacha kwa ajili ya kibali cha kuingia na kamera katika kambi ya wakimbizi ya Bulengo, magharibi mwa mji. Kila mtu akaandikwa jina mbele ya kazi yake, hata yule wa kuchaji betri.

Kisha akaongeza siku mbili ambazo mwalimu hakuzidai. Moja aliiacha tupu, kabla ya siku ya kuchapisha. Nyingine aliiweka baada ya kutoa kazi, akaandika: kurudisha picha kwa wenyewe. Wenzake walicheka. Nani anapanga siku ya kutofanya kitu?

Picha iliyowapendeza kuliko zote ilitoka Bulengo. Mama mmoja ananyanyua bidoni, mtoto mgongoni, ziwa nyuma yake. Walikuwa wamemweleza kazi ni ya nini, naye akakubali. Lakini usiku wa kuamkia ile siku tupu, akawapigia kwa simu ya jirani.

“Wanangu, ile picha msionyeshe uso wangu. Kuna watu kule tulikotoka, sitaki wajue niko wapi.”

Mvulana mmoja alisema mama alishakubali, na muda umekwisha. Shefu wa kundi hakubishana. Alimwonyesha kaye: kesho hakuna kitu kilichoandikwa.

Asubuhi, wawili walipanda moto hadi Bulengo. Mama aliwapokea, akachota maji kama kila siku. Safari hii walipiga mikono yake tu, na mshikio wa bidoni uliofungwa kitambaa. Katika maelezo waliondoa jina lake na jina la kijiji chake. Ile picha ya kwanza waliifuta mbele ya macho yake. Kazi ilitolewa siku iliyopangwa, kabla ya saa sita mchana.

Ikabaki siku ya mwisho. Wenzake walikuwa wamechoka, na mmoja akapendekeza waende baada ya sikukuu. “Mama tulimwambia siku,” shefu wa kundi alijibu. Walichangishana pesa ya motari, wakampelekea mama picha ya mikono yake.

Mwezi wa kwanza 2025, vita viliingia Goma. Mwezi wa pili, kambi za pembeni mwa mji, Bulengo ikiwemo, zilibaki bila watu. Familia zilitawanyika: wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa ndugu. Hakuna katika kundi anayejua mama yule alielekea wapi. Kama wangengoja sikukuu ziishe na wakachelewa kidogo tu, wasingempata tena.

Kwa wanafunzi wanaoanza kazi kama hii: hesabuni kutoka mwisho, na acheni siku moja tupu. Si ya uvivu. Ni ya yule mtu aliye katika picha, akibadili mawazo.

Na kwa familia zilizo ugenini: mtu akija na kamera, mna haki ya kumuuliza picha inakwenda wapi na itarudi lini. Na mkikubali leo, kesho bado mnaweza kukataa. Mwambieni mapema, naye ajipange.